Mbili kwa kila shimo

Mimi ni mtu wa agronomia, fizikia niliiacha darasani. Lakini kuna makala moja nimeisoma mara tatu. Ni ya Carlos Sánchez Muñoz na wenzake, ilitoka katika Nature Photonics mwaka 2014. Wanapendekeza chanzo cha mwanga chenye kutoa fotoni, zile chembe za mwanga, kwa mafungu: mbili mbili ao tatu tatu.

Mutu atasema: si upunguze tu leza mpaka itoe mbili? Hapana. Hapo mbili ni wastani. Ni kama kumwaga mbegu ya mahindi kwa mkono: hapa sifuri, pale tano. Mwenye kupanda kwa mistari anatia mbili kwa kila shimo. Wastani ni ule ule, lakini shamba hazifanane.

Wao wanaweka kitu kama atomu moja katikati ya vioo, wanakipiga na leza, na wanarekebisha vioo ili mlango ufunguke kwa fungu zima. Fotoni ya peke yake haipati njia.

Kilichonipendeza ni kuhesabu kwao. Wanahesabu fungu kama kitu kimoja, sawa vile sisi tunahesabu mashimo kwanza, haiko mbegu.

Kisichonipendeza: wanasema karibu 100% ya mwanga inaweza kutoka mbili mbili, na 90% tatu tatu, kwa vifaa vya wakati ule. Ni hesabu, haiko mavuno. Tena muhtasari unamalizia kwamba vyanzo hivyo vitafaa kwa matibabu. "Vitafaa", bila "pengine".

Ninawasema, lakini ugonjwa huo ni wangu pia. Katika memwari yangu niliandika kwamba mavuno "yataongezeka". Prof mmoja wa jury akaniuliza: "Ulipanda wapi?" Nikanyamaza. Sikupanda popote. Mbegu na shamba vinaomba makuta. Kompyuta ya kuazima ilikuwa pale.

Kuanza na hesabu haiko kosa. Hesabu nzuri inaonyesha mahali pa kuchimba, na makala hii inaonyesha vizuri. Ila wewe unayeandika memwari hapa Kamina mwaka huu, tenga ukurasa wa hesabu na ukurasa wa shamba. Mbele ya kuandika "itafaa", jiulize: nilipanda wapi?