Kurudia kama Kukamilisha: Uhakiki wa Albamu ya Last Band Standing ya Orchestre Les Mangelepa

Utangulizi

Albamu ya Last Band Standing, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Strut ya London, ni kazi ya uzeeni ya Orchestre Les Mangelepa, bendi iliyoasisiwa jijini Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki wa Kikongo waliojitenga na bendi ya Baba Gaston. Nyimbo zake zinazojulikana zaidi si mpya. "Embakasi" na "Nyako Konya", zilizoijengea bendi jina katika miaka ya 1970, zimerekodiwa upya, bendi ikiwa chini ya mwimbaji wake mkongwe, Kabila Kabanze Evany. Hali hii inazua swali la kihakiki: je, kazi inayorudia nyimbo za zamani ihesabiwe kuwa ubunifu, au ni nakala tu? Sehemu hii inajenga hoja kwamba thamani ya albamu imo katika kurudia kwenyewe, kwa kuwa kurudia huko kunaurejeshea wimbo umbo ambalo santuri ndogo ya zamani ililigawa.

Suala la Wimbo Asilia

Dai kwamba albamu hii ni nakala linategemea dhana kwamba upo wimbo mmoja asilia, nao ni ule uliorekodiwa kwanza. Dhana hiyo haiafikiani na nadharia ya fasihi simulizi. Katika kitabu chake cha The Singer of Tales (1960), Albert Lord anaonesha kuwa katika sanaa ya mdomo kila utendaji ni utungaji, hivyo kutafuta matini asilia ni kuipimia sanaa hiyo kipimo cha maandishi. Wimbo wa dansi ulipigwa ukumbini usiku hadi usiku, nao ulibadilika kwa kadiri ya wapigaji na wachezaji waliokuwapo. Rekodi ya kwanza ilihifadhi utendaji mmoja miongoni mwa mingi. Rekodi ya mwaka 2017 inahifadhi mwingine.

Santuri na Umbo la Wimbo

Ukumbini, wimbo wa dansi wenye asili ya Kikongo huwa na sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni ya beti, ambayo huenda taratibu na kumpa mwimbaji nafasi ya kusimulia. Ya pili ni sebene, ambapo mwendo hupanda, magitaa hujibizana, ala za kupuliza huingia na wachezaji huitika. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyotawala soko la Nairobi katika miaka ya 1970, haikuweza kubeba sehemu zote mbili upande mmoja. Wimbo uligawanywa: beti upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Aliyecheza santuri alilazimika kuinuka na kuigeuza wakati ule ule ambapo muziki ulimtaka acheze. Redio iliyopiga upande mmoja ilimpa msikilizaji nusu ya wimbo.

Katika albamu hii mpasuko huo haupo. Beti zinaingia katika sebene bila kukatizwa, na msikilizaji anasikia jinsi simulizi inavyoiandaa dansi na jinsi dansi inavyoijibu simulizi. Kwa mtazamo wa fani, huku ni kukamilisha.

Hata hivyo, ukamilifu huo una mipaka. Sauti ya mwaka 2017 si ile ya mwaka 1976, na baadhi ya waasisi hawakuwapo tena. Aidha, ukumbini urefu wa sebene uliamuliwa na wachezaji, ilhali studioni huamuliwa na wapigaji peke yao. Kinachorejeshwa ni umbo la wimbo. Hadhira iliyolizaa umbo hilo hairejei pamoja nalo.

Lugha na Msikilizaji

Repertoa ya bendi hii inachanganya Kiswahili na Kilingala, na jina la "Nyako Konya" ni la Kijaluo. Katika upokezi, mchanganyiko huo unaweza kudhaniwa kuwa kikwazo. Mzungumzaji wa Kinyambo wa Nyakakika, wilayani Karagwe, kwa mfano, anaweza kuelewa Kiswahili chote na asielewe Kilingala wala Kijaluo. Hata hivyo, mkoa wake wa Kagera unatoa ushahidi kinyume cha dhana hiyo: Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, akapendwa kote Tanzania na watu wasiojua lugha hiyo. Pale maneno yanapokoma kueleweka, mdundo na kiitikio huendelea kubeba maana. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, kuirejesha sebene mahali pake kuna uzito zaidi kuliko kwa yule anayefahamu kila neno.

Jina la Albamu

Udhaifu mkubwa wa kazi hii umo katika jina lake. Kwanza, ni la Kiingereza, lugha isiyokuwa ya nyimbo hizi, hivyo linamwelekea mnunuzi wa ng'ambo kabla ya msikilizaji wa Afrika Mashariki. Pili, linadai kuwa hii ndiyo bendi ya mwisho iliyobaki imesimama. Dai hilo halikubaliki. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilikuwa bado jukwaani Dar es Salaam albamu hii ilipotolewa. Jina linaiweka bendi katika upweke ambao muziki wenyewe unaukanusha.

Hitimisho

Uhakiki huu umebaini kuwa Last Band Standing ni utendaji mpya wenye hadhi yake, unaostahili kuchambuliwa sambamba na rekodi za awali badala ya kuwekwa chini yake. Inapendekezwa kuwa tafiti zijazo zilinganishe matoleo ya nyimbo moja moja, na ziwahoji wanamuziki wakongwe kuhusu kilichopigwa ukumbini bila kuingia katika santuri. Kazi hiyo haiwezi kuahirishwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake imo katika kumbukumbu za wazee hao pekee.