NAS ya muvi nyumbani: miongozo inajibu maswali yasiyo yetu

Ukitafuta ushauri wa kununua NAS, yaani lile boksi la diski unalochomeka kwenye ruta ili TV, simu na laptopu za nyumba nzima zichote muvi humo, utakutana na mwongozo uleule uliobadilishwa kichwa tu. Unaanza na idadi ya nafasi za diski, unapita kwenye prosesa, unamalizia kwa kugawa nyota. Tumeusoma mwongozo wa aina hii kwa jicho la mtu anayekaa Kihonda au Bigwa. Hesabu zake nyingi ni sahihi. Shida ni kwamba anayeulizwa si sisi.

Tuseme kwanza kwamba hitaji lenyewe ni la kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti hapa nchini ikawa ya kubahatisha. Mwenye muvi zake kwenye diski sebuleni aliendelea kutazama kama kawaida, kwa sababu safari ya data ni kutoka boksi hadi ruta hadi TV, haitoki hata nje ya mlango. Kwa mantiki hiyo, NAS inafaa zaidi Morogoro kuliko mji ambao intaneti haitikisiki.

Sasa tuanze na lawama. Miongozo inakwambia ununue prosesa kali. Kwa nini? Jibu ni kutranskodi: seva kuibadilisha video papo hapo iwe katika muundo ambao TV yako inauelewa. Fikiria wale ma-DJ wetu wanaotafsiri muvi. DJ anahitajika kwa sababu watazamaji hawaijui lugha ya muvi. Wangekuwa wanaijua, angekaa kimya. Seva nayo ni hivyo hivyo. TV ikiielewa kodeki ya faili, mfano H.264, au HEVC kwa TV za miaka ya karibuni, boksi halina kazi zaidi ya kusoma faili na kulituma. Muvi ya 1080p kwa kawaida inahitaji megabiti 8 hadi 10 kwa sekunde, wakati waya wa kawaida wa mtandao unabeba 1,000. Hata kifaa dhaifu kinaiweza kazi hiyo kikiwa kimesinzia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni "TV yangu inaelewa nini?", halafu ndipo uulize ninunue NAS gani. Chukua fleshi, weka muvi tatu za miundo tofauti, chomeka kwenye TV. Zikicheza zote, fedha ya prosesa ielekeze kwingine. Zikigoma, bado linganisha bei: kijisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye TV mara nyingi ni nafuu kuliko kupanda daraja la NAS. Na picha ikikwama huku faili ni sawa, mshuku waifai kabla ya boksi. Ruta iliyo chumba cha mbele haipigi vizuri kuta mbili za tofali. Vuta waya.

Lawama ya pili ni umeme. Kwenye miongozo, umeme ni kitu kinachokuwepo tu. Hapa unapimwa kwa uniti. Boksi lenye diski mbili linalokula wati 20 saa 24 litatumia takriban uniti 14 kwa mwezi. Kwa familia iliyo kwenye tarifu ya D1, inayotakiwa isizidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu moja ya tano ya mgao wote, kabla hujawasha taa wala friji. Weka ratiba: liwake jioni, lizime usiku. Vifaa vingi vina mpangilio huo, lakini miongozo hauupi hata nusu nyota.

Kisha kuna kukatika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, unachokihofia ni jedwali la mafaili kuvurugika, maana hilo likiharibika hata muvi iliyo salama haitaonekana. UPS ndogo inayoongea na NAS kwa waya wa USB, ikaiambia ijizime taratibu, inatakiwa iwe mstari wa kwanza wa bajeti. Kwetu, NAS ya bei ndogo yenye UPS ni bora kuliko ya bei kubwa iliyochomekwa ukutani moja kwa moja.

Lawama ya tatu ndiyo nzito: RAID. Wazo lilitolewa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley, nalo ni zuri: diski kadhaa za bei ndogo zishirikiane ili moja ikifa kazi isisimame. Soma tena hapo: kazi isisimame. Haikusemwa kwamba data haitapotea. Radi ya masika ikipita kwenye waya, diski zote ziko ndani ya boksi moja. Mwizi akija, anabeba boksi, hachambui diski. Mtoto akifuta folda, RAID inafuta pande zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Miongozo inapoiita RAID "ulinzi wa data zako" inamdanganya msomaji, hata kama haikukusudia.

Hili lina uzito kwa sababu boksi lililonunuliwa kwa ajili ya muvi halibaki la muvi. Baada ya mwaka mmoja humo ndani kuna harusi ya dada, picha za marehemu babu, pengine na sauti za wazee wa Kinole au Mgeta zilizorekodiwa kwa Kiluguru kwa ajili ya tasnifu. Muvi utaipata tena. Hizo hutazipata. Mji huu unalijua somo hilo: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alifariki mwaka 1979, na leo bado tunamsikiliza kwa sababu santuri na kanda zake zilisambaa nyumba nyingi, mikoa mingi, nchi zaidi ya moja. Kilichomhifadhi ni wingi wa nakala.

Tuwape haki yao pia. Wapenzi wa vifaa hivi ndio waliopiga kelele mwaka 2020, hadi Western Digital ikakiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilikuwa za SMR. Katika SMR mistari ya data hupandana kama makuti ya paa: kubadilisha kuti moja lazima uguse yaliyolilalia. Kusoma muvi hakuna tatizo, ila kujenga upya RAID kunachosha mno. Kwa hiyo ushauri wa kutafuta diski za CMR ufuate. Ufuate pia ule wa kutoifungulia NAS mlango wa intaneti: mwezi Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live waliamka wakakuta vimefutwa kutoka mbali.

Hukumu yetu basi. Kwa nyumba nyingi za hapa, kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye diski moja kubwa na programu ya Jellyfin ambayo ni ya bure, inatosha kwa muvi. NAS ya dukani yenye nafasi mbili inastahili bei yake kama hutaki kuhangaika na mipangilio, lakini hakikisha haikulazimishi diski za kampuni yake. Synology ilijaribu hivyo mwaka 2025 kwa baadhi ya modeli, kisha ikarudi nyuma mwaka huohuo. Boksi la nafasi nne liache.

Fedha ya nafasi mbili ulizoziacha inunue UPS na diski ya nje ya USB. Hiyo ya nje inakili vile visivyopatikana tena, kisha ikae kwa shangazi Mazimbu au kwa rafiki Kilakala, na kila baada ya miezi michache iletwe isasishwe. Mwongozo usiokwambia nakala ya pili ikae nyumba ya nani, usome kama tangazo la biashara.