Kilichokwenda Jikoni

Kinyago kilicho mbele yangu kinanifika magotini. Kimechongwa katika pande moja la mpingo, hakina gundi wala msumari, na watu waliomo nimewahesabu: 14. Wamekwea mabegani mwa wenzao, wameshikana viuno, mmoja amejitwika mtungi, mama mmoja amebeba mtoto mgongoni. Pale chini mchongaji ameacha utepe wa gome, upana wa kidole, ukazunguka kitako chote. Wauzaji wa Mwenge, Dar es Salaam, humwambia mgeni kwamba huu ni mti wa uzima. Wachongaji huuita ujamaa, na Wamakonde wanalo jina lao, dimoongo.

Mtindo huu huhusishwa na Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji aliyehamia Tanganyika katika miaka ya 1950. Umbo la mwanzo lilikuwa la mshindi wa mieleka aliyeinuliwa juu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, siasa hiyo iliposhika nchi. Naikumbuka asili hiyo kila ninapokitazama kinyago changu, maana ndani yake bado mna mieleka: kila mwili unausukuma mwingine, na hakuna aliyesimama kwa miguu yake peke yake.

Mtazamaji mwenye haraka huwaona watu akaridhika. Mimi nimekaa nacho miaka kadhaa, na siku hizi ninachokiona kwanza ni mianya. Kati ya kwapa na mbavu mna tundu. Kati ya goti la huyu na shingo ya yule mna tundu jingine, jembamba kiasi cha kupitisha penseli. Jua la asubuhi likiingia dirishani, mwanga hupenya humo na kutua ukutani vipande vipande. Mpingo kwa asili hauna wepesi huo. Ni mti mzito hata gogo lake likitupwa majini huzama. Wepesi wa kinyago hiki umetokana na kuondoa, tezo kwa tezo, patasi kwa patasi. Kila tundu lilikuwa mti.

Nao mti huo ulikwenda wapi? Najua, kwa sababu nilikuwapo. Nilikinunua kwa fundi mwenyewe, kikiwa bado hakijapigwa msasa wa mwisho. Miguuni pake palijaa vibanzi. Kijana alivizoa kwa karai, akavipeleka nyuma ya banda, na huko palikuwa na mafiga matatu na sufuria ya maharage. Nilimfuata. Nilishika kibanzi kimoja kabla hakijaingia motoni: kizito kama jiwe la mtoni, upande mmoja mweusi wenye michirizi ya zambarau, ukingo mmoja mweupe wa rangi ya malai. Nikarudi kwa fundi nikamuuliza, "Fundi, mpingo mnaupikia?"

"Tupikie nini sasa, mama? Hizo ni chenga tu. Mpingo wenyewe ni huo uliouchagua."

Sikuwa na jibu. Nilisimama pale nikitamani kuingiza mkono motoni nivichomoe vyote, na papo hapo harufu ya maharage ilinikumbusha kwamba sijala tangu alfajiri. Vibanzi vilichelewa kushika, kisha vikawaka kwa moto mkali hata mpishi akarudi nyuma hatua moja. Walinikaribisha, nikala. Hisia zile mbili sijaweza kuzitenganisha hadi leo, na nadhani kinyago chenyewe hakiniruhusu.

Tazama mgongo wa yule mama. Kiini cha mpingo ndicho cheusi. Nje yake, chini ya gome, mna tabaka jembamba jeupe. Wachongaji wengi hulikwangua lote kwa kuwa mnunuzi anataka weusi mtupu, na doa likibaki hulipaka rangi ya viatu. Huyu, ukiacha pale chini penye gome, amelibakiza mahali pamoja. Mtoto aliyebebwa yuko nje kabisa ya pande la mti, karibu na lilipokuwa gome, hivyo mwili wake wote umeangukia kwenye weupe, na mstari kati ya rangi mbili unapita pale shavu lake linapogusa mgongo wa mama. Tabaka hilo jeupe ndilo changa la mti, ndilo linalopitisha maji. Kiini cheusi ni mti wa miaka iliyopita, uliokwisha kukauka na kubeba wengine. Mchongaji amemtoa mtoto katika sehemu changa na mama katika sehemu kongwe. Sijaona katika vinyago vya mpingo mahali ambapo mti na maana vimekaa karibu kuliko hapa. Na ni weupe huohuo uliojaa kwenye karai la yule kijana.

Sehemu ya juu hainiridhishi. Nyuso nne za mwisho zinafanana midomo na macho, kana kwamba fundi alichoka au mteja alimharakisha, na kati ya vichwa hamna mwanya hata mmoja. Mti umebaki donge. Miili ya chini inapumua, ya juu imebanwa. Palihitaji kuchimbwa zaidi, vibanzi vingi zaidi. Ndiyo kusema, mimi niliyesikitikia karai la mpingo nadai hapa kwamba karai lingepaswa kujaa kuliko lilivyojaa. Nimeirudia hukumu hiyo mara nyingi nikitafuta njia ya kuikwepa. Haipo. Umbo zuri linadai kuni zake.

Ninachokikataa ni tanuri la mkaa. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kuvunwa. Huota ukipinda, wenye mifereji na nyufa, kiasi kwamba hata kwa mafundi wa zumari, au wa klarineti na obo za Ulaya, sehemu kubwa ya gogo hutupwa. Lakini kinachotupwa hapo kimekwisha kutazamwa. Mtu amekigeuza mkononi, ametafuta ufa, ameamua. Katika tanuri gogo zima hufukiwa kwa majani na udongo, jeupe na jeusi pamoja, pasipo jicho kulipitia. Niliwahi kukuta ndani ya gunia la mkaa kipande kilicholia kama chuma nilipokigonga. Kwenye kichwa chake duara za mti zilisomeka bado, nyembamba, zimesongamana, lakini mpaka kati ya kiini na weupe ulikuwa umefutika. Nilikipikia wali, kwa kuwa nilikuwa na watoto wa kulisha, na mtu mwenye sufuria mkononi simlaumu. Namlaumu aliyeuza gogo lile kwa bei ya gunia. Wilayani Kilwa vijiji vilivyoanza kusimamia misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, vikaweza kuuza mpingo kwa bei yao wenyewe. Huko gogo hupimwa kwanza.

Kibanzi kile nilikiomba, nikapewa. Kiko kando ya kinyago, nusu cheusi nusu cheupe, hakijapigwa msasa. Nawe ukienda Mwenge, kabla ya kuuliza bei, kiinue kinyago hadi kwenye mwanga, ukizungushe polepole, utazame matundu yake. Kisha nenda nyuma ya banda ukaone kinachopikwa.