Neno "Tabaka" na Udongo wa Chita

Maandishi ya Kiswahili juu ya udongo yana kawaida ya kuita tabaka kila kitu kionekanacho katika ukuta wa shimo lililochimbwa: udongo mweusi wenye mboji, mfinyanzi ulio chini yake, mchanga ulioletwa na mto, hata mwamba. Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni kulitwika maana mbili ambazo elimu ya udongo huzitenga, na hasara yake yaonekana wazi huko Chita, katika bonde la Kilombero.

Chita iko chini ya milima ya Udzungwa. Mito ishukayo huko huacha changarawe na mchanga mzito ukingoni mwa mlima, na tope laini huchukuliwa mbali zaidi, hadi uwanda ufurikao wakati wa masika. Basi achimbaye uwandani aweza kukuta mchanga juu ya mfinyanzi, na chini yake mchanga tena. Pengine hukuta udongo mweusi uliokuwa uso wa nchi zamani, ukafunikwa na gharika. Hiyo ni kazi ya maji. Lakini katika shimo lilo hilo mna kazi nyingine: mizizi na wadudu huutia weusi udongo wa juu, mvua huteremsha chembe za mfinyanzi, na maji ya chini, yapandapo na kushuka, huacha madoa ya kutu katika udongo wa kijivu. Mambo haya hayakuletwa na mto. Yametokea papo hapo, wala hayajali mipaka ya mashapo.

Dokuchaev, mwanachuoni wa Kirusi aliyechapisha kitabu chake juu ya udongo mweusi mwaka 1883, ndiye chanzo cha desturi ya kuyapa matabaka ya namna hii ya pili herufi A, B na C. Siku hizi tarakimu hutangulia herufi pale shapo la asili nyingine lianzapo. Kwa hiyo 2C si C, wala si B. Na mfasiri aandikaye "tabaka la pili" kwa zote ameifuta habari yenyewe. Mchimba mfereji wa mpunga huhitaji kuijua. Mfinyanzi ulioteremka papo hapo kwa kawaida hufuata umbo la ardhi. Ulioachwa na mkondo wa zamani waweza kukatika hatua chache mbele, maji yakapotelea mchangani.

Kutafsiri jina la Kiingereza kwa "upeo" hakufai, kwani msikilizaji atatazama mbali badala ya kutazama chini. Mfinyanzi, tifutifu na kichanga, majina ya shuleni, hueleza hali ya udongo, si mahali pake. (Lugha si maskini: Kiingereza cha wataalamu wa Afrika Mashariki kiliazima "mbuga" kwa udongo mzito wa mabondeni, ingawa leo wasomaji wengi husikia wanyama tu katika neno hilo.)

Lifaalo lipo tayari. Shapo liwe jina la kilichotuliwa na maji, na tabaka libaki kwa kilichofanyika ndani ya udongo. Kizuizi ni "mwamba tabaka", jina lililozoeleka katika jiografia kwa mwamba wa mashapo. Hilo halina budi kuwa "mwamba mashapo".