Sifa ya Askari Chitete

Habari ya askari Chancy Chitete wa Malawi yasimuliwa siku zote kwa namna moja. Mwezi wa Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Umoja wa Mataifa walipigana na waasi wa ADF, wale ambao watu wa Irumu na Mambasa wanawajua kwa machozi. Koplo Ali Khamis Omary, Mtanzania, alijeruhiwa vibaya. Chitete akamvuta kumtoa mbele ya risasi, akaanza kumhudumia. Ndipo akapigwa yeye mwenyewe, akafa. Omary akapona. Mei 2019, huko New York, mjane wa Chitete alipokea nishani yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu wengi katika mauaji ya Rwanda mwaka 1994, bila silaha, hata akauawa Kigali.

Sifa hii ina jambo jema sana: haihesabu adui waliouawa. Sisi wa Bunia tulizoeshwa nyingine. Katika vita vya 1999 mpaka 2003 shujaa alikuwa mwenye bunduki nyingi, na watoto wadogo wakatiwa jeshini; ndiyo hatia aliyohukumiwa Thomas Lubanga mwaka 2012. Kijana wetu akisikia kwamba askari alipewa nishani kwa kumbeba mwenzake, tena mtu wa nchi nyingine, amesikia neno jipya.

Lakini sifa hiyo ni nusu. Yatuonyesha saa moja tu ya mtu mzima. Tena wengine wetu wanaharakisha kumwita mfiadini. Sivyo: mfiadini huuawa kwa kuchukiwa imani yake, naye Chitete alikufa vitani. Ni kweli, Papa Fransisko, kwa barua ya tarehe 11 Julai 2017, alifungua njia nyingine ya kutangazwa mwenye heri, yaani kutoa uhai kwa hiari kwa upendo wa jirani. Hata hivyo barua ile yadai fadhila za Kikristu, walau za kawaida, kabla ya saa ile ya kufa. Na juu ya hizo msimulizi hatuambii kitu. Je, alisali? Alisameheje? Aliwatendeaje wanyonge kambini? Nani alimfundisha kutomwacha aliyeanguka?

Waliokula naye chungu kimoja wangeweza kujibu, na kwao Malawi wapo waliomlea. Nishani imekwisha kutolewa. Maisha yake bado hayajaandikwa.