Sanamu ya Bibi Salme Inayouzwa

Wasomaji wetu walio wengi wameiona sanamu ya Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja. Huko Unguja yauzwa katika kadi, tena huchapwa juu ya majalada ya vitabu. Hata huku Litembo, katika milima ya Umatengo, yaweza kufika ndani ya kitabu cha mwanafunzi. (Twasema sanamu, kwa kuwa Kiswahili cha zamani kiliita hivyo kila mfano wa mtu, wa kuchongwa na wa karatasi, neno picha tumelipata kwa Waingereza.) Kwa ufundi ni nzuri, wala hatuna neno juu ya hilo. Neno letu ni juu ya namna inavyouzwa.

Bibi amevaa kanzu, suruali, ushungi na vito vya kwao. Asiyejua hudhani amepigwa barazani katika jumba la Mtoni. Sivyo. Alipigwa Hamburg, Ujerumani, mnamo mwaka 1868, katika chumba cha mpiga picha. Alikuwa amekwisha kutoroka Unguja mwaka 1866; mwaka 1867 alibatizwa Aden na kuolewa na Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Tena uso wake u wazi, naye kwao hakuweza kuonekana na wanaume wageni ila kwa barakoa. Basi vazi ni la Unguja, lakini desturi ya sanamu hiyo si ya Unguja kamwe.

Zama zile sanamu ndogo za karatasi, zilizobandikwa juu ya kadi, zilikuwa bidhaa ya Ulaya nzima. Disdéri wa Paris alipata hati ya ufundi huo mwaka 1854. Charles Dickens, mtunzi wa hadithi wa Uingereza, aliuzwa hivyo madukani, na katika baadhi ya sanamu zake ameketi mezani, kalamu mkononi. Mnunuzi aliambiwa mara moja: huyu ni mwandishi. Bibi Salme naye ni mwandishi. Kumbukumbu zake alizoandika kwa Kijerumani zilitoka Berlin mwaka 1886. Lakini mnunuzi wake huonyeshwa vito tu.

Mpiga picha hatumlaumu, maana mwaka 1868 kitabu hakikuwapo. Twawalaumu wachapaji waliokuja baadaye. Kilichoandikwa na mjane wa miaka zaidi ya 40, mama wa watoto watatu, wamekifunika kwa uso wa kijana wa miaka 24. Ni jamaa ya kosa la zile kadi za zamani za pwani zilizoandikwa “mwanamke wa Kiswahili”, pasipo jina lake. Ila huyu jina analo, na maneno yake mwenyewe anayo.

Na katika maneno hayo imo sanamu iliyo bora kuliko ya Hamburg. Asimulia kwamba wasichana wa kwao walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwalimu atakayeonyesha kadi ile darasani yampasa asome habari ya mfupa huo kwanza. Na wachapaji wanaotaka uso wa mwandishi wasiseme wameukosa: sanamu zake katika nguo za Kizungu zipo.