Nguvu Ipite Wapi: Beringi ya Probox Mjini Garissa

Beringi ya gurudumu ikichoka baada ya miaka mingi hakuna wa kulaumiwa. Ikianza kuunguruma miezi michache tu baada ya kubadilishwa, kuna la kuuliza. Probox niliyoiona ikifunguliwa katika gereji moja mjini Garissa ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Kazi yake ni watu na mizigo kati ya mjini, Madogo na Mwingi. Beringi ya mbele kulia ilikuwa mpya, kwa maneno ya mwenye gari, na bado ukifika kilomita 60 kwa saa ilibidi mpandishe sauti ndipo msikilizane.

Ilikuwa pia imepita kwenye maji. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili 2024, barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo, ng'ambo ya daraja, na watu wakawa wanavushwa kwa boti. Maji yalipoanza kushuka, madereva hawakungoja yakauke. Kwa hiyo washukiwa walikuwa wawili, mto na fundi aliyetangulia, na mwenye gari aliongeza wa tatu.

“Hiyo ni tairi tu.”

“Tairi haibadilishi sauti ukikata kona, abti.”

Fundi alikuwa na haki. Gari likipinda kushoto, uzito hulalia upande wa kulia, na beringi mbovu ya kulia hunguruma zaidi. Likipinda kulia, hupumzika. Shida ya barabara ya Garissa hadi Mwingi ni kwamba imenyooka, kona za kupimia ni chache, basi akaliyumbisha gari taratibu huku na huku mahali palipokuwa wazi. Kisha akatoa gia gari likiwa bado linakwenda. Injini ilitulia, mngurumo ukabaki. Tairi iliyolika vibaya nayo hunguruma, lakini sauti yake hugeuka lami inapogeuka, na hapa haikugeuka.

Gurudumu likiwa juu ya jeki, alilishika juu na chini akalitikisa. Likacheza. Akamwita kijana wake akanyage breki, akatikisa tena, na mchezo ukaisha. Mtihani huo ni mdogo na wengi huuruka. Breki hulifunga gurudumu na kishikio chake kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukiisha, kilicholegea ni beringi. Ungebaki, angetafuta kwenye bolijointi au mahali pengine pa chini. Mwisho akaweka kiganja juu ya springi, akalizungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Mkwaruzo wa gololi juu ya njia mbovu husafiri hadi kwenye springi, na kiganja huusikia kabla ya sikio.

Beringi ya mbele ya Probox ni ya gololi za safu mbili, imefungwa sili pande zote, na imeshindiliwa ndani ya kishikio cha gurudumu. Habu nayo imeshindiliwa ndani ya beringi. Maana yake ni kwamba ukiing'oa habu, nguvu hupitia kwenye gololi, na beringi hufa papo hapo hata kama ilikuwa nzima. Nusu moja ya ringi ya ndani hung'ang'ania habu. Fundi huichana kwa grainda karibu hadi mwisho, kisha huipasua kwa patasi, akichunga asiikwaruze habu yenyewe.

Sehemu ya kazi niliyoipenda zaidi ni pale alipoacha kufungua na kuanza kusoma. Alifuta grisi ya ringi ya nje na kuigeuza kwenye jua. Grisi ya upande wa ndani ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji. Lakini juu ya njia ya gololi kulikuwa na vidonda vidogo vilivyopangika kwa nafasi sawa, nafasi ile ile iliyopo kati ya gololi na gololi. Maji hayapangi hivyo. Kutu hula ovyo. Vidonda vilivyopangika hutokana na pigo: gololi zimesimama, mtu anagonga, na kila gololi inachimba mahali ilipo.

Msomaji makini atasema kung'oa nako huacha alama. Kweli, ila alama za kung'oa hung'aa, na hukaa ukingoni mwa njia, kwa sababu nguvu ilivutia upande. Hizi zilikuwa katikati, zimeshapitiwa na gololi maelfu ya mara, na chuma kuzunguka baadhi yake kilikuwa kimeanza kubanduka magamba. Zilikuwapo tangu siku ya kwanza. Maji yalikuta nyumba imeshabomolewa.

Sina maana kwamba mto hauna hatia. Habu iliyotoka mbio kwenye lami ya Garissa, joto likiwa nyuzi 36 kivulini, huwa ya moto. Ukiitumbukiza ghafla ndani ya maji, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta, na mdomo wa sili, hasa uliokwisha kukwaruzwa na mchanga, huruhusu maji kupita. Anayesimama dakika kadhaa kabla ya kuvuka hupunguza mvuto huo. Wachache husimama.

Sasa kurudisha. Kanuni ni moja, na kila kosa la kazi hii linatokana na kuivunja: nguvu ipite kwenye ringi inayobana. Ukiingiza beringi ndani ya kishikio, kinachobana ni ringi ya nje, basi presi isukume ringi ya nje peke yake. Ukiingiza habu ndani ya beringi, kinachobana ni ringi ya ndani, basi ringi ya ndani iegemezwe kwa chini, ama sivyo habu itaisukuma itoke na gololi zibebe mzigo wote. Fundi huyu alitumia kipande cha bomba nene kilichochongwa kilingane na ringi, na beringi ya zamani ya kipenyo kile kile. Nyundo haikuguswa.

Alikuwa ameilaza beringi mpya kwenye friza tangu jana yake, ikiwa ndani ya nailoni isipate unyevu, na kishikio akakianika juani. Tofauti ya nyuzi 60 kwa tundu la kipenyo cha milimita 75 hivi ni karibu milimita 0.05. Inaonekana si kitu, ila katika mbano wa aina hii ni sehemu kubwa ya kazi, na jua la Garissa ni la bure. Beringi iliingia bila kupiga kelele, klipu ya duara ikarudi kwenye mfereji wake.

Watu wa njia ya Modogashe na Habaswein watacheka, maana Land Cruiser zao hazijui presi. Habu ya mbele ya Land Cruiser za kazi ina beringi mbili za roli zenye umbo la koni. Unaifungua chini ya mgunga, unaosha kwa mafuta ya taa, unajaza grisi mpya kwa kiganja, na unarudisha. Hata ringi za nje unaweza kuzigonga kwa nyundo na kipande cha shaba, kwa kuwa roli hazipo pale, pigo halina cha kuharibu. Adui, basi, si nyundo yenyewe. Bei ya uhuru huo ni kwamba mbano unaupima wewe mwenyewe kwa nati, na ukikosea kidogo tu, habu itachemka au itacheza.

Probox haikupi nafasi ya kupima. Nati ya shafti huzifunga nusu mbili za ringi ya ndani zikutane, na mbano sahihi umeshakatwa kiwandani, mradi nati ikazwe vya kutosha. Toyota ndogo nyingi za kizazi hiki hutaka niutonimita 216. Kwa asiye na spana ya kupimia, mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana iliyolala, sentimita 30 kutoka kwenye nati, anatoa kama 206. Kosa la kawaida ni kulishusha gari kwanza ili tairi isizunguke, ndipo nati ikazwe. Hapo beringi imebeba gari nusu zake zikiwa hazijakutana. Fundi alikaza gurudumu likiwa hewani, breki imekanyagwa, nati mpya, kisha akaigonga ukingo uzame kwenye mfereji wa shafti.

Mwenye gari alitaka na ya kushoto ibadilishwe, kwa kuwa nayo ilivuka maji yale yale. Fundi aliizungusha, kiganja juu ya springi, akaitikisa, akakataa. Kuitoa ni kuiua, na ilikuwa nzima.